Mikakati na Futi ya Mama

Kijana huyu alipomaliza chuo, mama yake alitundika picha ya mahafali ukutani, juu ya cherehani, mahali palipokuwa na kalenda. Kalenda ikahamia nyuma ya mlango. Kila mteja aliyeingia kupimwa nguo alioneshwa picha ile na kuambiwa, "Huyo mwanangu, ana shahada ya maendeleo ya jamii," na mteja hakukosa kuuliza swali ambalo watu wangelimeza kama wangekuwa na huruma: "Hongera mama. Sasa anafanya nini?" Mama alikuwa na pini mdomoni wakati huo, kila mara, kwa hiyo hakuweza kujibu. Mimi naamini pini zile alizitia kwa makusudi.

Mwenye picha alikuwa chumba cha pili, ukuta mwembamba, akisikia yote. Alikuwa amekaa nyumbani miezi kumi na mmoja. Kazi aliyoitaka aliijua kwa umbo: meza pana, kompyuta, kiti cha kuzunguka, mlango wenye kibao. Ndani ya mlango huo watu hufanya nini kutwa nzima, hapo ndipo fikra zake zilikuwa hazijafika.

Baba mdogo, aliyekuwa mlezi wa nyumba ile tangu baba mtu afariki, alikuja kila Jumapili. Alikaa kwenye kochi karibu na dirisha, akajishika kiuno kilichokuwa kikimuuma miaka nenda miaka rudi, akasema, "Mwanangu, shahada tuiweke pembeni kidogo. Wewe hasa unajua kufanya nini?"

"Naweza kuandaa mikakati shirikishi, baba mdogo."

"Mikakati ya nini?"

"Inategemea walengwa."

Baba mdogo alimgeukia mama. Mama aliinamia cherehani akaikanyaga kwa nguvu, ikapiga kelele kiasi cha kumaliza mazungumzo.

Lakini mzee yule hakuwa mtu wa kulalamika tu. Alikuwa na rafiki, meneja katika ofisi ya bima, aliyekubali kumpokea kijana kwa usaili. Na alikuwa amesikia kwamba shirika moja linalotengeneza viti vya magurudumu kwa watu wasioweza kutembea linachukua wahitimu kwa mafunzo ya kazi ya miezi sita. Akaviunganisha viwili hivyo. "Nenda huko kwanza," alisema. "Meneja atakuuliza swali langu hilihili, na hatauliza mara mbili. Baada ya miezi sita uje na jibu. Ukija bila jibu, na mimi nimeshachoka, sitakuuliza tena."

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Mtu anayekuuliza kila Jumapili bado ana matumaini nawe. Usiku ule kijana alinyoosha tai yake kwa pasi, na asubuhi akaenda.

Mkurugenzi wa shirika, mama mmoja mchangamfu, alimpokea vizuri, akampitisha mbele ya ofisi yenye meza na kiti cha kuzunguka, wala hakusimama. Walitokea nyuma, kwenye karakana. Palinuka chuma kilichochomelewa. Vipande vya sponji vilitapakaa sakafuni, na ukutani yalining'inia magurudumu ya kila ukubwa. Fundi mkuu alikuwa mzee mrefu waliyemwita Spana, mtu aliyetumia maneno kana kwamba ameyaazima. Alimtazama kijana kuanzia viatu hadi tai.

"Unajua nini?"

Kumbe swali lilikuwa limemtangulia. "Mikakati," alijibu.

"Haya, Mikakati. Shika hapa." Akampa ncha ya bomba. Jina likamganda tangu saa ile.

Miezi mitatu Mikakati alikata sponji, akapiga msasa, akakaza skrubu na kuzilegeza alizokaza vibaya. Tai ilivuliwa siku ya pili baada ya kunaswa kidogo kwenye mashine ya kutobolea. Alichoshikilia ni ripoti. Kila jioni aliandika kurasa tatu zenye utangulizi, changamoto na njia ya kusonga mbele, akazikabidhi kwa Spana kwa mikono miwili. Spana alizipokea kwa heshima na kuziweka chini ya birika la chai lisiunguze meza. Baada ya miezi mitatu birika lilikuwa limepanda juu sana.

Mwezi wa nne akapandishwa cheo: akaruhusiwa kupima. Kupima ndiyo roho ya kazi ile. Fomu ilikuwa na vipimo kumi na kimoja, upana wa nyonga, urefu wa paja, kutoka kiti hadi kwapa, na kadhalika. Na karakana ilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote. Aliyepima aliandika jina lake chini ya kiti. Kiti kikikataliwa, alikifuata mwenyewe, akakirudisha, na kesho yake akakikalia tangu karakana inafunguliwa hadi inafungwa. Kazi zote afanye akiwa humo humo. Hakuna aliyewahi kufukuzwa pale. Walikalishwa tu.

Mtu wake wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, bibi mmoja aliyepigwa na kiharusi kikamdhoofisha upande wa kushoto. Aliishi na binti yake katika nyumba ya vyumba vitatu, nadhifu, vitabu vimepangwa kwa urefu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Chomekea shati."

Mikakati akachomekea. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha meza ya chakula, mgongo wima, kidevu juu, mikono mapajani, kama yuko mbele ya wanafunzi mia sita na mmoja wao ametafuna kitu. Mikakati alipima vyote kumi na kimoja, akarudia, vikaoana. Jioni aliandika: "Mlengwa ana mkao bora." Kiti kikatengenezwa, kikapakwa rangi ya bluu aliyoichagua Mwalimu, Mikakati akaandika jina lake chini kwa herufi kubwa kuliko ilivyohitajika, na akakipeleka mwenyewe. Alirudi nyumbani meno yote nje. Ule mwezi wa nne alikuwa ameshaanza kujiona kwenye usaili, akisema: najua kupima.

Wiki mbili baadaye binti wa Mwalimu alipiga simu.

Mikakati alipofika alimkuta Mwalimu kitandani, ameketi wima vilevile. Kiti cha bluu kilikuwa pembeni, na juu ya egemeo lake zimetandazwa nguo zilizopigwa pasi.

"Kiti chako kizuri sana," alisema Mwalimu. "Nguo hazikunjamani kabisa."

Binti yake ndiye aliyemwambia ukweli, mlangoni, kwa sauti ya chini. Mama alikaa nusu saa tu kisha akaomba kushushwa. Ubavu wa kushoto ulikuwa umechubuka. Alikuwa amekataza mtu yeyote asiseme.

Mikakati alikisukuma kiti barabarani, mchana kweupe, kikiwa kitupu. Watu waliompita walitazama kiti, wakamtazama yeye, wakamhurumia kwa sababu zisizo sahihi. Mafundi waliweka nyundo chini alipoingia. Spana alikipindua kiti, akalisoma lile jina kubwa polepole, akakirudisha sawa. "Kesho," alisema.

Kesho yake akakaa. Mpaka saa nne alikuwa anajisifu moyoni kwamba kiti hakina kasoro. Saa sita akaanza kuchoka, mgongo ukalegea, na egemeo likamchoma ubavuni kama kiwiko cha mtu aliyekasirika. Alijiweka wima, likaacha. Alilegea, likachoma. Mafundi walimtuma huku na huko makusudi, niletee skrubu, niletee gundi, na mmoja akaweka shati lake kwenye egemeo akisema ameambiwa halikunjamani. Saa kumi alikuwa anaelewa vizuri sana kilichomuuma Mwalimu. Alichokuwa haelewi ni kwa nini vipimo vyake, alivyovirudia mara mbili, vilidanganya. Miezi iliyobaki ilikuwa miwili, na jibu alilodhani analo lilikuwa limegeuka kuwa kamba ya kuanikia nguo.

Alirudi nyumbani akajitupa kwenye kigoda cha wateja, chumba cha cherehani. Mama alikuwa na mteja, fundi bomba mmoja mnene aliyetaka suruali ya harusi ya mdogo wake. Mteja alikuwa amevuta tumbo ndani, kifua mbele, uso umemvimba kwa kuzuia pumzi. Futi ilikuwa shingoni mwa mama. Hakuigusa.

"Hivi wale wakwe zako," mama alimwuliza, "walishahama kwako?"

"Wahame!" fundi bomba alilipuka. "Mama, wamekuja wawili, sasa ni watano! Juzi mmoja ameniuliza mimi, ndani ya nyumba yangu, kama nimepiga hodi!" Na alivyokuwa akieleza, mikono hewani, tumbo likashuka taratibu likakaa mahali pake pa siku zote. Mama akazungusha futi, akasoma, akamaliza. "Pole baba," akasema. "Njoo Alhamisi."

Mikakati aliinuka taratibu. Jambo lile alikuwa ameliona mara elfu. Tangu ana miaka saba ndiye aliyeshika daftari na kuandika namba alizotajiwa, na mara elfu mama alimwambia maneno yaleyale, akayasema tena sasa bila hata kuulizwa, huku anakata uzi kwa meno: "Mtu akijua anapimwa, anakuazima mwili wa mtu mwingine. Ukiushonea huo, nguo haitamkaa." Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu alifunzwa na mamaye vizuri tu, akaenda chuo akasahau, na ikabidi ulimwengu umkalishe kutwa nzima ndipo akumbuke.

"Mama," alisema, "niazime futi."

"Nyinyi huko hamna?"

"Zipo. Naitaka hii."

Alirudi kwa Mwalimu na futi mfukoni na kichekesho alichokiandaa njiani. Alikitoa. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, mezani pa chakula, mgongo wima. "Utangulizi wako mrefu mno," alisema. Mikakati akauliza habari za wakwe. Mwalimu hakuwa na wakwe waliomsumbua. Akauliza habari za afya, mgongo ukazidi kunyooka. Hakubakiwa na hila yoyote, ila katika mfuko wa shati alikuwa na ripoti ya kurudishwa kwa kiti, kurasa tatu, iliyopaswa kusainiwa.

"Basi Mwalimu, naomba usome hapa kisha utie sahihi."

Mwalimu alivaa miwani. Alisoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili, akapiga ulimi. "Hii umeandika wewe? Mtu wa chuo?" Akainua mkono wa kulia bila kutazama pembeni. "Kalamu nyekundu. Iko kwenye kopo."

Akaanza kusahihisha. Alikata neno hapa, akazungushia mduara pale, akaandika pembeni "unamaanisha nini?" na chini yake tena "unamaanisha nini?" Ukurasa wa kwanza aliumaliza wima. Wa pili, kidevu kilishuka. Alipofika kwenye njia ya kusonga mbele alikuwa amesahau kama kuna mtu chumbani, na mwili wake ukateremka taratibu upande wa kushoto, bega chini, kiuno kimepinda, ubavu umelalia ukingo wa meza. Hivi ndivyo alivyokaa siku zote mlango ukifungwa. Mikakati alitoa futi. Alipima kimyakimya. Kati ya mwili wa siku ile na mwili wa leo palikuwa na tofauti ya kiganja kizima.

"Unanipima," alisema Mwalimu, kalamu imesimama.

"Ndiyo, Mwalimu."

Hakujiinua. Alikaa hivyohivyo, akitazama karatasi. "Miaka thelathini na minne nimewaambia watoto wa watu wakae wima," alisema. "Sikutaka mtu anione hivi."

Mikakati alitafuta neno kubwa la kumfariji, na nashukuru kwa niaba ya wote kwamba hakulipata. "Mwalimu, kiti kitakushika upande huu," alisema. "Ukikaa hivi hakitakuchoma. Na ukitaka kukaa wima wakija wageni, kitakukubali pia."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani. "Hiyo," alisema, "ni sentensi nzuri. Ungeiandika hiyo." Akamrudishia ripoti. Juu yake alikuwa ameandika alama: nne kwa kumi.

Kiti kilijengwa upya egemeo na upande wa kushoto, sponji nene, chini yake kipande cha mbao alichokichonga Mikakati mwenyewe mara tano hadi Spana akaacha kutikisa kichwa. Safari hii jina aliliandika dogo. Alipopita baada ya wiki mbili, nguo zilikuwa zimerudi kabatini na Mwalimu alikuwa barazani, ndani ya kiti chake cha bluu, akimkaripia mpita njia kwa kutupa ganda la ndizi. Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi. Mikakati alisimama ng'ambo ya barabara akaona machozi yanamlengalenga. Akasingizia vumbi.

Jumapili ya mwisho wa miezi sita baba mdogo alikuja, akakaa kwenye kochi karibu na dirisha, akashika kiuno. Usaili ulikuwa Jumanne. "Haya mwanangu," alisema. "Miezi sita imeisha. Unajua kufanya nini?"

"Najua kumpima mtu anavyokaa."

Baba mdogo alingoja yaje mengine. Hayakuja. "Basi?"

"Basi, baba mdogo. Bado sijui vizuri. Shirika lina mafunzo ya miaka miwili ya kazi hiyo, na wamenikubali. Kwa rafiki yako naomba uniombee radhi. Hata wewe, kwa mfano, tangu nizaliwe unakaa umeinamia kulia. Mfuko wa nyuma una nini?"

Baba mdogo alitoa shada la funguo. Kulikuwa na funguo kumi na nne, nyingine za milango ambayo nyumba zake zilishabomolewa. Aliziweka mezani. Akakaa. Akajitikisa kidogo, kulia, kushoto, na uso wake ukapata mashaka ya mtu aliyegundua kwamba ameteseka miaka ishirini na ushee bure. "Nitampigia meneja," alisema mwishowe. "Nimwambie umepata kazi." Akazitazama funguo zake. "Mtaani tutasemaje? Kwamba unapima makalio?"

"Semeni mpimaji," mama alisema kutoka kwenye cherehani. "Kama mama yake." Wala siku hiyo hakuwa na pini mdomoni.

Wiki iliyofuata Mikakati alileta nyumbani mbao, sponji na skrubu. Kigoda alichokalia mama kushona hakikuwa na egemeo, na juu yake alikuwa amekaa tangu kijana hajazaliwa. Alisubiri jioni, mama ameinamia pindo la sketi.

"Mama," alianza kwa sauti ya kawaida kabisa, "hivi yule fundi bomba, wakwe zake walishahama?"

Mashine ilisimama. Mama aligeuka taratibu akamtazama, akaona mkono mmoja umefichwa mgongoni. "Futi yangu iko wapi?"

Mama alikwishajiweka sawa, mabega nyuma, shingo ndefu, kijana kuliko miaka yake, kama alivyosimama siku ya mahafali kupigwa picha. Alijua hila yote, yeye ndiye mwenye hila. Hakuna wakwe wala ripoti ambayo ingemshusha. Walitazamana.

Kisha mama akapumua, akageukia cherehani yake, na kwa hiari yake akauachia mgongo. Ulishuka. Ukashuka tena. Bega la kulia likaenda mbele, kifua kikaingia ndani, na shingo ikainama mpaka uso ukawa juu ya sindano. Mikakati alikuwa amelala chumba cha pili maisha yake yote, ukuta mwembamba, na hakuwahi kuutazama mgongo ule. Alihisi aibu, akahisi upendo, akaitoa futi aliyoificha.

"Haya, baba," mama alisema bila kugeuka. "Pima."